KUSAGA MENO USINGIZINI: kinga ya plastiki huifanyia nini misuli ya taya?



Mkristo akisikia maneno "kusaga meno" hukumbuka mara moja Injili ya Mathayo, tena hukumbuka hukumu. Mwezi huu ukurasa wetu unazungumzia kusaga meno kwa namna nyingine: kule kunakosikika chumbani saa nane za usiku, mlio kama wa mawe mawili yanayosuguana, huku msagaji mwenyewe amelala fofofo wala hana habari. Anayejua ni mwenzake wa kitandani, au mdogo wake wanayelala chumba kimoja. Asubuhi msagaji huamka taya limekuwa zito, shavu linauma, kichwa kinagonga upande wa panja. "Leo nimeamka na kipanda uso," anasema. Anameza panadoli, anachukua jembe, anakwenda zake shambani.

Maumivu yakirudi kila siku, mtu huyo atakwenda hospitali na kuonyesha gego. Hapo ndipo penye hatari. Kwetu Tanzania, kwa miaka mingi, matibabu ambayo wagonjwa wengi wa meno huyapata ni kung'oa. Wengi hufika wamechelewa, jino limeoza mpaka kwenye mzizi, na kung'oa huwa ndiyo njia iliyobaki. Lakini wapo wanaoumwa msuli, si jino. Gego zima linang'olewa na maumivu yanabaki palepale, kwa kuwa msuli haukuguswa. Kisha linaonyeshwa gego la pili. Jino la mtu mzima likishatoka haliotI tena, kwa hiyo inafaa kila familia ijue mambo haya kabla mtu hajakalia kile kiti.

Misuli inayofanya kazi usiku

Weka vidole vyako juu ya mashavu yote mawili, karibu na pembe ya taya chini ya sikio, kisha kaza meno kwa nguvu. Utasikia kitu kinatuna chini ya vidole. Huo ndio msuli mkubwa wa kutafunia. Sasa peleka vidole kwenye panja, pembeni mwa paji la uso, ukaze meno tena. Hapo napo panatuna. Msuli huu wa pili umetandaa kama pepeo upande wa kichwa, na ndiyo maana mtu aliyesaga meno usiku huamka akiumwa kichwa na si taya peke yake.

Mtu aliyepasua kuni kutwa nzima huumwa mabega wala hashangai. Msuli wa shavu nao ukifanya kazi ya nguvu wakati usiofaa huuma vilevile. Tofauti ni kwamba mwenye shavu hakumbuki kufanya kazi yoyote, kwa hiyo hutafuta mchawi mwingine: jino, sikio, baridi ya Njombe, mto mbaya wa kulalia.

Kwa kawaida misuli hii ina mapumziko mengi. Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa yakae yamegusana siku nzima. Hukutana tunapotafuna na tunapomeza, na ukijumlisha muda wote wa kugusana kwa mtu asiye na tatizo, nusu saa kwa siku haifiki. Jichunguze sasa hivi unaposoma: je, meno yako yamegusana? Kama yamegusana, na hasa kama yamekazana, basi nawe ni mmoja wa wakazaji wa mchana. Hao ni wengi kuliko wasagaji wa usiku. Yule anayepakia magunia ya viazi kwenye lori, yule anayebeba mbao, dereva anayepanda milima usiku, mwanafunzi aliye kwenye mtihani, mkulima anayengoja kusikia bei ya parachichi: wote hukaza meno bila kujua.

Kusaga kunaanzia wapi?

Kila msuli unapojikaza hutoa umeme mdogo sana. Watafiti hubandika vipande vya kupokea umeme huo juu ya shavu la mtu, mtu analala, na mashine inaandika mpaka asubuhi. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba msagaji hasagi usiku kucha kama kinu. Husaga kwa vipindi vifupi vya sekunde chache, misuli ikikaza na kulegea takriban mara moja kila sekunde, kisha hutulia. Kundi la mtafiti Gilles Lavigne huko Montreal, Kanada, lilionyesha jambo jingine la kuvutia: kabla ya meno kusuguana, ubongo huwa umeshtuka kidogo kutoka usingizini na moyo umeanza kwenda mbio. Meno huja mwisho. Chanzo kiko juu, kwenye ubongo na usingizi wenyewe.

Zamani haikufikiriwa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Moritz Karolyi wa Vienna, Austria, alifundisha kwamba mtu husaga kwa sababu meno yake hayakutani vizuri. Mwaka 1961 Sigurd Ramfjord wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliyetumia ile mashine ya umeme wa misuli, naye alishikilia mawazo ya namna hiyo. Kutokana na mafundisho hayo watu wengi walisuguliwa meno mazima kwa mashine ili "yakae sawa". Lakini mwaka 1984 watafiti wengine wa Marekani walijaribu kinyume chake: waliwawekea watu jino la bandia lililozidi urefu makusudi, wakapima misuli usiku. Kusaga hakukuongezeka, na kwa wengi kulipungua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba dawa ya kusaga ni kupunguzwa meno yako mazima, omba kwanza maoni ya daktari mwingine. Jino lililopunguzwa halirudishiki.

Kinga ni kitu gani?

Kinga tunayoisema ni kipande cha plastiki ngumu, angavu, kinachofunika meno yote ya juu au yote ya chini. Hutengenezwa kwa plastiki ya jamii ileile inayotumika kutengenezea ufizi wa meno ya bandia. Daktari huchukua umbo la meno yako kwa kutumia unga laini uliokorogwa, fundi wa meno ya bandia humimina plasta na kupata mfano wa kinywa chako, na juu ya mfano huo ndipo hutengenezwa kinga yako wewe na si ya mtu mwingine. Ukiivaa na kufunga kinywa, meno ya upande wa pili hutua juu ya uso laini, yote kwa pamoja. Ramfjord na mwenzake Major Ash ndio waliotengeneza umbo ambalo madaktari wengi huliiga mpaka leo.

Faida moja haina ubishi: anayesaga husaga plastiki badala ya jino. Kinga iliyochakaa hutengenezwa upya, lakini utando mgumu wa nje wa jino ukisagika umekwisha.

Swali la misuli ni gumu zaidi, na hapa inafaa tuwe wakweli, kwa kuwa watu hutoa fedha wakitumaini kupona. Mwaka 1979 watafiti wa California waliwapima wagonjwa 25 wenye maumivu ya taya, usiku baada ya usiku, kabla ya kuvaa kinga na wakiwa nayo. Misuli ya watu 13 ilipunguza kazi. Ya watu 7 haikubadilika. Ya watu 5 iliongeza kazi! Na kinga ilipoondolewa, karibu wote walirudi kwenye hali yao ya mwanzo. Maana yake ni kwamba kinga haikuponya chanzo. Ilifanya kazi ilipokuwa kinywani, tena kwa nusu tu ya watu, au zaidi kidogo.

Mwaka 2006 watafiti wa Japani walipima tena. Usiku ule wa kwanza kinga ilipovaliwa, misuli ilitulia. Lakini walipopima baada ya wiki mbili, nne na sita, utulivu ule ulikuwa umekwisha na misuli imerudia kazi yake. Inaelekea kwamba kinywa hushtukia kitu kigeni, kama mtu anayelala kitanda cha ugenini, kisha hukizoea. Vilevile kinga huinua taya kidogo, msuli hukaa kwenye urefu usiouzoea, nao kwa siku za mwanzo haukazi sana. Mwaka 2007 wataalamu wa Brazil walikusanya majaribio yaliyokuwapo na kusema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba kinga hutibu kusaga kwa usingizini.

Mtu atauliza, basi kwa nini madaktari huendelea kuitoa? Kwa sababu ya meno, kama nilivyosema, na kwa sababu wagonjwa wengi husikia nafuu ya maumivu hata pale mashine inapoonyesha kwamba misuli haikutulia sana. Kwa maoni yangu, nafuu ya mgonjwa si kitu cha kudharau. Lakini mtu avae akijua anachovaa, asije akakata tamaa baada ya mwezi mmoja na kudai ametapeliwa.

Tahadhari na kinga laini

Zipo kinga nyingine za mpira laini, zile zinazochovywa kwenye maji ya moto na kuumwa mpaka zishike umbo la meno. Zilikusudiwa wanamichezo, mathalani mabondia, na kwa kuwa bei yake ni ndogo watu huziagiza mjini wakidhani kinga ni kinga. Mwaka 1987 Jeffrey Okeson wa Kentucky, Marekani, aliwapa watu 10 kinga ngumu kwa kipindi fulani na kinga laini kwa kipindi kingine, akapima misuli yao usiku. Kinga ngumu ilipunguza kazi ya misuli kwa watu 8. Kinga laini iliipunguza kwa mtu 1 tu, na kwa watu 5 iliiongeza. Watu 10 ni wachache, ni kweli. Hata hivyo ukifikiri utaona mantiki yake: mpe mtu kitu cha mpira mdomoni, ataanza kukitafuna.

Jihadhari pia na vifaa vidogo vinavyoshika meno ya mbele peke yake. Vikivaliwa kwa muda mrefu bila daktari kuviangalia, magego yaliyoachwa bila kizuizi yanaweza kusogea, na siku moja mtu akashindwa kukutanisha meno ya mbele. Halafu yupo mtu anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, mpaka mwenzake hushtuka. Huyo amwambie daktari kabla ya kutengenezewa kinga, kwa sababu kwa baadhi ya watu wa namna hiyo kinga ya meno ya juu imeonekana kuzidisha shida ya kupumua.

Watoto, na mambo ya haraka

Akina mama wengi huuliza juu ya watoto. Mtoto akisaga meno usiku, bibi yake atasema ana minyoo. Dawa ya minyoo mpeni kwa wakati wake kama mnavyoelekezwa kliniki, maana minyoo ina madhara yake, lakini msitegemee kwamba ndiyo itakayonyamazisha meno. Watoto wengi husaga katika miaka ya meno ya utoto na ya kubadilisha meno, kisha huacha wenyewe. Mtoto hahitaji kinga ya plastiki. Taya lake linakua, na kinga isiyokua pamoja nalo italibana.

Lakini kuna kusaga ambako si kwa kungoja. Mtoto mwenye homa anayesaga meno, naye haamki ukimwita au ameshikwa na degedege, anaweza kuwa na malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Njombe yetu ni ya juu na ya baridi na mbu ni wachache, ila familia husafiri kwenda Usangu, Kilombero na ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na ugonjwa hurudi nao kwenye basi. Huyo apelekwe hospitali saa ileile, usiku huohuo.

Vivyo hivyo kwa mtu aliyechomwa na msumari au kipande cha mti, au aliyejikata kwa shoka, na siku chache baadaye taya linakaza na kinywa hakifunguki. Hiyo yaweza kuwa pepopunda, na pepopunda huua. Kwa wanaofanya kazi ya mbao, jambo hili si la mbali. Asiandaliwe kitambaa cha moto wala asingojee daktari wa meno wa siku ya Jumatatu.

Ulanzi, sigara na chai ya usiku

Kwa kuwa chanzo kiko kwenye ubongo na usingizi, vitu vinavyovuruga usingizi huzidisha kusaga. Pombe ni cha kwanza. Najua masika yakifika ulanzi hutiririka, na siandiki haya ili nigombane na mtu. Hata hivyo anayesaga meno ajaribu wiki mbili bila ulanzi wa jioni, kisha amuulize mkewe kama amelala vizuri zaidi. Sigara ni ya pili. Kahawa na chai kali za usiku nazo zimo, hata kama chai yenyewe imelimwa hapahapa kwetu. Madereva wanaopumzika Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, hujikuta na vyote kwa pamoja: sigara, kahawa na usingizi wa vipande vipande. Na wale wanaotafuna mirungi ili wasisinzie, licha ya kuvunja sheria, wanaitesa misuli ileile mchana na usiku.

Zipo pia dawa za hospitali, hasa baadhi ya zile za sonona, ambazo kwa watu fulani huleta kusaga meno. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Mahangaiko yana sehemu yake. Mtu mwenye deni, au mwenye mgonjwa ndani, hulala na mzigo wake. Sala ya jioni humtuliza mtu, na kuzungumza na padre, katekista au mwanajumuiya unayemwamini hupunguza mzigo. Wazee wa Kanisa walimwomba Mtakatifu Apolonia, shahidi wa Aleksandria aliyevunjwa meno kabla ya kuuawa mwaka 249, awaombee wanaoumwa meno. Sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Kumwomba ni vema, na kwenda hospitali pia ni vema.

Nyumbani, kwa mwenye shavu linalouma: loweka kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika, kamua, weka juu ya shavu kwa robo saa, asubuhi na jioni. Kwa wiki mbili au tatu acha mahindi ya kuchoma, miwa na bisi. Kula viazi vya kuponda, uji, maharage yaliyoiva sana. Usifungue soda kwa meno (wapo vijana wanaojisifia jambo hili). Mchana jikumbushe mara kwa mara: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia. Wengine hufunga uzi mwekundu kwenye mpini wa jembe au kwenye usukani, na kila wakiuona huyaachanisha meno. Kwa wakazaji wa mchana njia hii isiyo na gharama yaweza kusaidia kuliko plastiki yoyote.

Ukienda kutafuta kinga

Anza na kitengo cha meno cha hospitali iliyo karibu nawe, ukiuliza kwanza siku ambazo mtaalamu wa meno yupo. Mwambie wazi: "Naamka taya limechoka, na mwenzangu anasema nasaga meno." Hata tabibu wa meno ambaye hana vifaa vya kutengeneza kinga anaweza kukukagua meno yaliyosagika, kukubonyeza misuli, na kugundua kama kweli jino limeoza au la. Ukiambiwa gego ling'olewe, uliza: je, limeoza? Limetikisika? Lina usaha? Kama majibu yote ni hapana, omba msuli uchunguzwe kwanza. Kuuliza kwa adabu si kumkosea daktari.

Kutengeneza kinga kunahitaji fundi wa meno ya bandia, na fundi hayupo kila mahali. Huenda ukaelekezwa kwenye hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Uliza mapema bei, na kama bima yako inalipia, na utatakiwa kurudi mara ngapi, kwa maana kinga hairekebishwi kwa siku moja. Nauli ya safari ya pili na ya tatu iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ukishaipata, ivae usiku tu, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Asubuhi isugue kwa mswaki na sabuni kidogo kwa maji baridi. Najua kwa baridi ya Juni hakuna anayependa maji baridi huku kwetu, lakini maji ya moto huipinda, nayo ikishapinda haikai tena kinywani. Usiiache karibu na jiko la mkaa wala juu ya dirisha linalopigwa na jua. Itunze kwenye kikopo chenye mfuniko, mbali na watoto, panya na mbwa. Na kila ukirudi kwa daktari, nenda nayo. Mikwaruzo iliyo juu yake itamwonyesha ni upande gani unasaga zaidi, na kama bado unasaga.